Rivyuu ya kozi ya saikolojia ya mageuzi: masomo ya malezi yametulia, ya mapenzi wayarudie upya

Wadau, nimeimaliza ile kozi ya mtandaoni inayoelezea jinsi mageuzi yalivyotengeneza tabia na akili za binadamu, ile ya video fupi fupi na kwizi kila mwisho wa somo, na kwa vile naona watu wanauliza kila mara kama inamfaa mtu ambaye baiolojia aliiacha shuleni acha niandike kwa kirefu. Jina la wenye kozi silitaji maana kuna sehemu ntalalamika na sitaki mjadala uishie kwenye jina badala ya kwenye masomo yenyewe. Kwa kifupi inafaa, tena mle ndani kuna masomo mazuri kiasi kwamba nimewachosha watu wa nyumbani kwa kuwasimulia, ila kuna sehemu moja wairudie upya kabisa na ntaeleza kwa nini.

Kwanza niseme naipima kwa kipimo gani, maana haya masomo ni rahisi sana kuharibika. Mtu yeyote mwenye mdomo anaweza kukaa akatunga hadithi ya babu zetu. Ukipenda kukaa kona ya chumba utaambiwa babu zetu waliogopa kuvamiwa kwa nyuma, ukipenda kukaa katikati utaambiwa babu zetu walipenda kuzungukwa na kundi, yaani jibu linapatikana vyovyote vile utakavyojibu wewe. Mwaka 1979 wanabaiolojia Stephen Jay Gould na Richard Lewontin waliandika makala kali kuhusu tabia hii hii ya wanabaiolojia kuona kila kitu kwenye kiumbe kana kwamba lazima kilitengenezwa kwa kazi fulani, na mpaka leo ile makala inauma. Kwa hiyo mimi kila somo nilikuwa najiuliza kitu kimoja tu, huyu mwalimu ananionyesha tumejuaje, au ananisimulia tu? Na nini kingetokea ambacho kingeonyesha kwamba hilo wazo ni la uongo?

Masomo ya mwanzo ni ya msingi na yako sawa. Wanaanza na Darwin, na nimefurahi kwamba hawakuishia kwenye kitabu cha 1859 kuhusu asili ya spishi wakaenda mpaka cha 1871 kuhusu asili ya binadamu na cha 1872 kuhusu hisia za watu na wanyama, maana hapo ndo saikolojia inapoanzia. Alafu wanaingia kwa mwanabaiolojia William Hamilton na kazi yake ya 1964, kwamba jeni inayomfanya mnyama amsaidie ndugu yake inaweza kuenea kama faida anayopata ndugu, ukiizidisha na kiwango cha udugu, inazidi hasara ya anayesaidia. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja kiwango chake ni nusu, binamu ni moja ya nane. Wameieleza kwa michoro na mtu yeyote anaelewa. Kisha Robert Trivers 1971, kusaidiana kwa wasio ndugu, leo kwangu kesho kwako, na wameweka mfano wa popo wanyonya damu aliowachunguza Gerald Wilkinson, utafiti wake ulitoka 1984. Popo akikosa damu siku mbili tatu anakufa njaa, sasa yule aliyeshiba anamtapikia mwenzake sehemu ya damu, na wanaopewa zaidi ni ndugu na wale waliozoeana nao kwenye shimo moja. Mfano mzuri, wanaupitia haraka, sawa tu.

Somo lililonishika mwanzoni ni la woga. Hapa ndo nilipoona huyu mwalimu anajua kufundisha. Badala ya kusema tu binadamu anaogopa nyoka kwa sababu ya mageuzi, kamwonyesha mtazamaji jaribio la Michael Cook na Susan Mineka la 1989 hatua kwa hatua. Kuna nyani wa aina ya rhesus waliozaliwa na kukulia maabara, hawajawahi kuona nyoka maisha yao yote, ukiwawekea nyoka hawaogopi. Sasa wakaonyeshwa video ya nyani mwenzao anayehangaika kwa hofu mbele ya nyoka wa bandia, baada ya hapo na wao wakaogopa nyoka. Kundi jingine video yao ikakatwa na kuunganishwa upya, hofu ni ile ile, nyani yule yule, ila sasa inaonekana anachoogopa ni maua. Hao hawakujifunza kuogopa maua. Hofu ni moja, kilichobadilika ni kitu kilichowekwa mbele tu, na kimoja kinaingia kichwani kingine hakiingii.

Nililirudia hilo somo. Manake linamaliza ule ubishi wa asili au malezi ambao watu wanabishana mpaka wanagombana. Woga hawakuzaliwa nao, ila walizaliwa wako tayari kujifunza woga fulani upesi na mwingine hapana, na bila mwenzao wa kumtazama wangekaa na ule utayari bila kuutumia. Kwa mtu anayetaka kujua kama kozi ina uzito mimi ningemwambia atazame hilo kwanza.

Sasa tuje kwenye masomo ya malezi ya watoto, na hapa naomba mnivumilie maana ndo sababu ya mimi kuandika yote haya. Ni masomo yaliyotulia kuliko mengine yote.

Wanaanza na hesabu ngumu. Mama sokwe anazaa kila baada ya miaka mitano sita hivi, mtoto wake anamng'ang'ania tumboni na kwa miezi ya kwanza hataki mwingine yeyote amguse. Binadamu wa jamii za wawindaji na wakusanyaji anazaa kwa nafasi fupi zaidi, kama miaka mitatu minne, na mtoto wa binadamu anachelewa kujitegemea kuliko wa sokwe, ubongo wake peke yake unakula nguvu nyingi mno, hata kwa mtu mzima ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili akiwa amepumzika. Kwa hiyo mama ana mtoto mchanga mgongoni na mwingine aliyeachishwa ziwa majuzi na bado hawezi kujitafutia vya kutosha. Anafanyaje? Peke yake haiwezekani. Mwanaanthropolojia Sarah Hrdy ndiye aliyelisimamia sana hili wazo, kwamba sisi ni viumbe tuliolelewa na wengi, na kwamba kabla hatujawa na akili hizi kubwa tulianza kwanza kusaidiana kulea. Wahenga walishasema mkono mmoja haulei mwana, na hapa unaonyeshwa vipimo vyake.

Vipimo vyenyewe vinatoka kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, ambako Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa wakihesabu nani anachimba nini kwa muda gani. Kwenye video kuna mama mtu mzima, umri wa bibi, amekaa chini kabisa miguu kainyoosha, ana fimbo ndefu iliyochongwa ncha, anapiga kwenye udongo uliojaa mawe, anatoa jiwe kwa mkono, anapiga tena, anatoa jingine, mpaka mkono unazama bega ndipo mzizi unapoonekana. Mtoto mdogo amekaa pembeni anasubiri. Watoto wa Kihadzabe wanajitafutia matunda pori vizuri tu tangu wadogo, lakini hii mizizi ya chini hawaiwezi, inataka nguvu na ustadi. Na walichokuta watafiti ni kwamba mama akiwa hana mtoto mchanga, mtoto wake aliyeachishwa ziwa anaongezeka uzito kulingana na bidii ya mama, ila mama akishajifungua tena bidii yake inapungua na hapo uzito wa yule mtoto unaanza kufuata bidii ya bibi.

Hebu lifikirie hilo. Wanawake wanakoma hedhi wakiwa bado wana miongo ya kuishi mbele yao, jambo ambalo kwa wanyama ni nadra mno, nyangumi wa aina chache ndo wanajulikana kwa hilo, na kwa miaka mingi watu waliliona kama hitilafu tu ya mwili kuzeeka. Kumbe yule bibi mwenye fimbo huenda ndo sababu ya sisi kuishi miaka mingi kiasi hiki. Mwalimu anasema wazi kwamba wazo hili lina wapinzani, wapo wanaosema nyama inayoletwa na wanaume ina uzito zaidi, wapo wanaosema mambo yote mawili yalikwenda pamoja, na anaeleza takwimu gani zingeweza kuamua. Hivi ndo inavyotakiwa.

Na hawakuwasahau kina baba. Kuna utafiti wa Cebu, Ufilipino, uliochapishwa 2011, wanaume 624 walipimwa testosteroni, ile homoni ya kiume, wakiwa na miaka ya ishirini na mwanzoni wakapimwa tena miaka kadhaa baadaye. Waliokuwa na kiwango cha juu mwanzoni ndo walikuwa na nafasi zaidi ya kuwa na mwenza na mtoto, lakini walipopata mtoto kiwango chao kikashuka kuliko cha wenzao wasio na watoto, na waliokuwa wanashinda na watoto muda mrefu kila siku walikuwa chini zaidi. Kisha wanakurudisha Tanzania, baba wa Kihadzabe ambao wanabeba na kuwatunza watoto wadogo wana kiwango cha chini kuliko wanaume wasio na watoto, ila kwa majirani zao Wadatoga, ambako malezi ya wadogo ni kazi ya akina mama, tofauti hiyo haikuonekana. Mimi hapa nilisimamisha video. Kwa miaka mingi tumeambiwa mwanaume kushika mtoto ni kinyume na maumbile yake, na huku mwili wenyewe una utaratibu wa kujibadilisha kumpokea mtoto, ila unasubiri aanze yeye kumshika. Nadhani kila baba kijana angeoneshwa hili somo kliniki.

Kitu kimoja tu kidogo kwenye masomo haya, wanasema weupe wa macho yetu ni wa binadamu peke yake na kwamba ulitokea ili tusomane tunapoangalia, wakitegemea kazi ya Kobayashi na Kohshima ya 1997. Wazo ni zuri lakini siku hizi imeshaonekana baadhi ya sokwe nao wana weupe kwenye macho, kwa hiyo ile "peke yake" waitoe.

Masomo ya haki na kugawana nayo ni mazuri, hasa lile la mchezo wa kugawana pesa. Mtu mmoja anapewa kiasi, anaamua amgawie mwenzake ngapi, mwenzake akikataa wote wanakosa. Joseph Henrich na wenzake walipeleka mchezo huu kwenye jamii ndogo 15 na matokeo yakatoka 2001. Wamachiguenga wa msitu wa Peru walitoa wastani wa asilimia 26, na waliopewa kidogo hawakukasirika wala nini, walipokea. Watu wa Lamalera, Indonesia, wanaowinda nyangumi kwa mitumbwi, walitoa asilimia 58, zaidi ya nusu! Ukijua kwamba nyangumi hawindwi na mtu mmoja, inabidi kundi zima lipige kasia na nyama igawanywe kwa utaratibu ambao kila mtu anaujua, unaelewa kwa nini. Hisia ya haki tunayo wote, ila kipimo chake kinawekwa na namna watu wanavyopata riziki yao. Hapo hapo wanaleta ile hoja ya 2010 ya Henrich na wenzake wawili, kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa kwenye majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Yaani vitabu vinavyosema "binadamu yuko hivi" mara nyingi vilimaanisha wanafunzi wa vyuo vya nchi chache. Kwa sisi wasomaji wa Kiswahili hili si jambo la kupita juu juu.

Ila walivyowapitia Ju/'hoansi, wawindaji na wakusanyaji wa Kalahari kusini mwa Afrika, nimeumia. Wamegusa tu ile desturi ya kumponda mwindaji, mtu kaua mnyama mkubwa kanona, wenzake wanamwambia umetuita mbali hivi kwa ajili ya mifupa hii? Na yeye mwenyewe anatakiwa aseme kweli si kitu, ili kichwa kisivimbe akaanza kujiona mkubwa wa wenzake. Dakika mbili basi. Na utafiti wa Polly Wiessner wa 2014 ndo kabisa wameutaja kwa sentensi moja, wakati una mambo makubwa, mchana mazungumzo ni malalamiko, umbea na riziki, usiku kwenye moto asilimia 81 ya mazungumzo ni hadithi. Moto umewapa watu masaa ya ziada ambayo hayafai kwa kazi na wakayajaza kwa hadithi za watu walio mbali, za ndoa, za safari. Hilo lilistahili somo zima jamani.

Haya, sasa malalamiko. Somo la ukubwa wa kundi wanasema binadamu anaweza kuwa na mahusiano 150 na wanalisema kama vile ni kimo cha mlima kimepimwa. Namba hiyo ni ya mtafiti Robin Dunbar, 1992, aliitoa kwa kulinganisha ubongo na ukubwa wa makundi ya nyani na sokwe. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm walirudia hesabu kwa njia mpya wakaona jibu linaweza kuwa popote kati ya 2 na 520. Namba ya upana huo haikusaidii kusema chochote cha uhakika, na kozi haiutaji utafiti huo hata kidogo. Vile vile lile jaribio la Newcastle, Uingereza, la 2006, picha ya macho ikibandikwa juu ya kisanduku cha kulipia vinywaji ofisini watu wanalipa karibu mara tatu. Jaribio lilifanyika kweli, lakini tafiti nyingi za baadaye zilipojumlishwa kuhusu ukarimu athari haikuonekana ya maana. Inaonekana hizi video zilirekodiwa zamani na hakuna aliyerudi kuzigusa. Mtu analipia kozi, wanatakiwa waihuishe.

Na sasa masomo ya mapenzi na ndoa. Hapa mwalimu amebadilika ghafla, yule aliyekuwa anauliza tumejuaje hayupo tena. Anachukua utafiti wa mwanasaikolojia David Buss wa 1989, tamaduni 37, watu zaidi ya 10,000, uliokuta kwa wastani wanawake wanathamini zaidi uwezo wa mali wa mwenza na wanaume ujana na uzuri, na ni utafiti mkubwa kweli, mwingine wa nchi 45 uliotoka 2020 umekuta tofauti hizo tena. Sawa. Lakini Alice Eagly na Wendy Wood mwaka 1999 walichukua data ile ile ya Buss wakaonyesha kwamba palipo na usawa zaidi wa jinsia baadhi ya tofauti hizo zinapungua, na ubishi huo umeendelea mpaka sasa, ule wa 2020 wenyewe haukuona uhusiano huo isipokuwa kwenye suala la umri. Mwanafunzi alistahili kuuona ubishi wote. Badala yake anapewa upande mmoja, alafu mwalimu anaruka kutoka kwenye wastani wa dodoso mpaka "mwanaume ameumbwa hivi mwanamke ameumbwa vile", na wastani wa maelfu ya watu haukuambii chochote kuhusu mume wako au dada yako.

Hata habari za Wabarí wa mpaka wa Venezuela na Colombia hazimo. Wao wanaamini mtoto anaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, na watoto waliotajiwa baba wa pili walifika miaka 15 kwa asilimia 80, wasio naye asilimia 64. Ukiliweka hilo kwenye somo, ile picha ya mwanamke mmoja anayemnyatia mwanaume mmoja mwenye mali inaanza kuyumba yenyewe, na ni wenye kozi hao hao waliotufundisha kwamba kulea ni kazi ya wengi, wamesahau masomo yao wenyewe.

Kinachonikera zaidi ni kwamba haya ndo masomo yanayotoka nje ya kozi. Nimeshasikia mtu akimtetea anayemsaliti mkewe kwa kusema ni mageuzi bwana. Mwalimu alikuwa na nafasi ya kusema kwa sauti kubwa kwamba kueleza chanzo cha tabia si kuihalalisha, na hasemi, anasema kwenye somo la fujo na vita lakini hapa hasemi.

Kuhusu huduma yenyewe, video zinakula data sana na hakuna chaguo la sauti peke yake, ambalo lingetosha kabisa kwa masomo mengi. Maandishi chini ya video yanajiandika yenyewe na majina ya watu yanavurugika vibaya, ukitaka kutafuta utafiti uliotajwa itabidi ubahatishe. Kwizi ni dhaifu, zinauliza nani alisema nini mwaka gani. Kazi ya mwisho ndo nzuri, unapewa dai moja kuhusu tabia za watu, unaandika ungelipimaje na matokeo gani yangekufanya ulikatae, na inasahihishwa na mtu, sio mashine, mimi nilirudishiwa na maelezo marefu ya maana.

Kama muda wako ni mdogo anza na la woga, nenda moja kwa moja kwenye malezi yote bila kuruka, kisha la kugawana. Ya mapenzi tazama baada ya kufanya ile kazi ya mwisho, uyapitishe kwenye maswali yale yale uliyoyaandika wewe mwenyewe.